Binti mbele ya madhabahu, mheshimiwa meza kuu

Kimandolu ni kata ya mashariki ya Jiji la Arusha, kando ya barabara iendayo Moshi, na Jumapili asubuhi huhitaji saa kujua kwamba ibada ya kwanza imeanza. Spika za Walutheri na za Wapentekoste zinapokezana na kengele za Wakatoliki mpaka mchana. Wasabato walishamaliza zamu yao jana. Ibada ikiisha, unaanza mnada. Mkungu wa ndizi, jogoo na trei ya mayai vinauzwa, mnunuzi analipa, anarudisha, vinanadiwa upya, mpaka jogoo mmoja anaingiza fedha ambayo sokoni ingenunua watatu. Kama wingi wa waabudu ungekuwa ndio kipimo cha maadili, Kimandolu na jirani zake mpaka Tengeru wasingehitaji kituo cha polisi.

Kuna matangazo mawili ambayo mshiriki yeyote wa siku nyingi katika sharika za ukanda huu wa Meru ameyasikia. La kwanza ni la wanaorudi kundini. Mara nyingi ni binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, au mtu na mwenzake walioanza maisha bila kubarikiwa kanisani. Walikuwa wametengwa na Chakula cha Bwana. Sasa wanaitwa mbele, wanasimama macho yakiwa sakafuni, wanaulizwa, wanajibu kwa sauti ndogo, wanaombewa, kwaya inaimba. Tangazo la pili ni la harambee: Jumapili ijayo tutakuwa na mgeni rasmi, mheshimiwa fulani, pamoja na marafiki zake, kuchangia ujenzi. Huyu macho yake hayaendi sakafuni. Anakaa meza kuu, anasomewa risala, anavishwa shuka la Kimasai, na akitaja kiasi chake kanisa linalipuka kwa vigelegele. Hakuna anayemuuliza kitu.

Sisemi kila mheshimiwa anayekaa meza kuu ni mwizi. Wengine fedha yao ni ya jasho, na wengine wamekopa ili wasiaibike. Ninachosema ni kwamba utaratibu wetu wa toba una jicho moja. Kwa dhambi za mwili tuna kanuni, tuna wazee wa kanisa wa kuzisimamia, tuna Jumapili ya kurudi kundini. Kwa dhambi za mfuko hatuna hata tangazo. Katika miaka yangu yote ya kukaa kwenye mabenchi ya makanisa sijasikia ikisemwa kwamba ndugu fulani, aliyekuwa akidai chochote kabla ya kupitisha jalada la mtu, ametubu, amerudisha alichochukua na leo anakaribishwa tena mezani pa Bwana.

Tunapojadili kama imani ya Kikristo ni msingi wa maadili ya mtu na ya nchi, kwa kawaida tunajadili mafundisho, na kwa mafundisho Ukristo haujapungukiwa. Mimi naona swali ni jingine: ni dhambi ipi inayomgharimu muumini nafasi yake mbele ya wenzake? Hapo ndipo maadili ya kweli ya kanisa yanapoonekana, na eneo hili la Mlima Meru lina historia ndefu ya kujibu swali hilo kwa namna zinazopingana.

Kutenga mtu, kwanza, hakukuletwa na wamisionari. Waarusha walikuwa na rika zao na mikutano yao ya wazee, ambako mgomvi alisikilizwa siku nzima, akalipishwa ng'ombe na pombe ya asali, mambo yakaisha bila hakimu wala gereza. Mwanaanthropolojia Mwingereza P. H. Gulliver aliyekaa kati yao katika miaka ya 1950 aliandika kitabu kizima kuhusu jinsi jamii hiyo ilivyojitawala kwa mazungumzo. Wameru wana washili, viongozi wa koo, ambao mpaka leo wana uwezo wa kumtoza mtu faini au kumtenga na ukoo. Kwa watu wa mlimani, kutoshirikishwa msibani ni adhabu nzito kuliko kifungo. Kanisa lilipofika lilikuta chombo tayari. Lilichobadilisha ni orodha ya makosa.

Na lilifika vibaya. Mwaka 1896 Misheni ya Leipzig iliwatuma vijana wawili kutoka pwani ya Baltiki, Ewald Ovir na Karl Segebrock, kuanza kazi Meru. Walikuja wakati Kapteni Johannes wa jeshi la Wajerumani naye akiwa na askari wake eneo hilo hilo, na wenyeji hawakuwa na sababu ya kutofautisha joho na bunduki. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba waliuawa Akeri. Kisasi cha Wajerumani kilikuwa cha kutisha: vijiji vilichomwa, ng'ombe wakaswagwa. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa pamoja na viongozi wengine, wakiwemo wa Meru na Arusha. Mwaka 1902 wamisionari walirudi, wakajenga Nkoaranga. Akeri leo ni mahali pa kumbukumbu ya wale wawili, na ni haki yao. Waliokufa katika kisasi hawana jiwe la namna hiyo.

Kanisa lililoanza chini ya kivuli hicho lilijishughulisha na nini? Ndoa ya mke wa pili, matambiko, pombe, ngoma. Kodi ya kichwa, kazi za shuruti na mashamba yaliyokatwa kuzunguka mlima yakabaki mambo ya serikali. Orodha hiyo ya makosa ndiyo, kwa kiasi kikubwa, tunayoisoma mpaka leo.

Lakini watu waliofundishwa kusoma Biblia hawasomi kurasa wanazoonyeshwa tu. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliamua kuwaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki, kaskazini-mashariki mwa mlima, ili ardhi igawanywe mashamba 13 ya walowezi wa Kizungu kufugia ng'ombe wa maziwa na wa nyama. Novemba askari walifika. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa, mifugo ikaswagwa, watu wakapelekwa upande wa Kingori walikotengewa ardhi nyingine. Wameru hawakuchukua mikuki. Hawakuchukua fidia pia. Walioahidiwa fedha walizikataa, na wengi wakakataa ile ardhi mbadala, wakajibanza kwa ndugu zao kwenye mashamba ambayo tayari yalikuwa madogo.

Kilichofuata kinajulikana, ingawa shuleni kinapewa aya moja. Wameru walichangishana shilingi, wakamtuma Kirilo Japhet, mtu wa kizazi kilichopitia shule za misheni, aende New York pamoja na wakili wao Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Julai 1952 Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, Mtanganyika wa kwanza kusema hapo. Azimio la kuwarudishia Wameru ardhi yao lilipopelekwa Baraza Kuu halikupata theluthi mbili za kura. Kwa hesabu ya kesi, walishindwa. Kwa hesabu ya siasa, miaka miwili baadaye TANU ilizaliwa katika nchi ambayo tayari ilikuwa imemsikia mtu wake akiwashtaki watawala wake mbele ya dunia.

Nimekaa kwenye habari hii kwa sababu ndani yake kuna kitu ambacho mahubiri ya maadili huwa yanakikwepa. Watu wale walikuwa na haki ya kuchukua fidia. Hakuna mchungaji ambaye angewatenga kwa kuichukua. Pengine wapo ambao wangewapongeza kwa hekima. Waliikataa kwa sababu kuipokea kungekuwa kukubali kwamba kilichofanyika kilikuwa biashara. Tofauti ya kuuziana na kunyang'anyana waliijua wenyewe, wakailipia kwa kukosa mahali pa kulala. Watu wa Ngarenanyuki walitenda la kimaadili kuhusu ardhi na fedha, hadharani, tena kwa pamoja, wakati nidhamu rasmi ya kanisa ilikuwa bado inahesabu wake na vibuyu vya pombe.

Miaka 15 baada ya safari ya Kirilo, Arusha ilishuhudia jaribio jingine, safari hii la dola. Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa. Wengi wanakumbuka ujamaa na kutaifishwa kwa mabenki; wachache wanakumbuka kwamba sehemu yake iliyouma viongozi ilikuwa fupi na ya wazi. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Na masharti hayo yalimhusu pamoja na mwenzi wake, ili mtu asijifiche nyuma ya kanga ya mkewe. Ukitaka mali, ruksa. Toka kwenye uongozi. Huko nako ni kutenga, ila safari hii orodha ya makosa ni ya mfuko.

Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki asiyeficha imani yake, mtu wa misa ya asubuhi, na mwaka 1970 aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowafanya watu maskini litahesabiwa kuwa upande wa dhuluma. Hata hivyo Azimio halikuandikwa kwa lugha ya misa. Liliandikwa kwa lugha ambayo Mwislamu wa Kaloleni na Mwarusha asiye na ubatizo wangeweza kulidai kama lao. Naona hapo ndipo ulipo ustadi wake. Imani ilimsukuma mwandishi, lakini sheria haikumtaka raia aonyeshe cheti cha ubatizo. Wale wanaotaka leo nchi iwe na maadili ya Kikristo kwa kutamka jina la Yesu kwenye majukwaa ya kampeni wangefaa kulisoma tena.

Kulikuwa na upande wa fimbo vilevile. Sheria ya Adhabu za Chini ya 1963 ilimpeleka mla rushwa jela kwa miaka isiyopungua miwili na viboko 24, nusu siku ya kuingia, nusu siku ya kutoka. Mwalimu aliikumbusha Mei Mosi ya 1995 kule Mbeya, kwa ule utani wake kwamba zile 12 za kutokea mtu akamwonyeshe mkewe, na uwanja ukacheka. Edward Sokoine, mwana wa Monduli na Waziri Mkuu, alipowasaka wahujumu uchumi mwaka 1983, watu walimpenda, na wanampenda mpaka leo. Alipokufa ajalini Dakawa tarehe 12 Aprili 1984, wazee walilia kama watoto. Lakini sheria maalumu ya msako huo ilinyima watuhumiwa dhamana na wakili, na wenye maduka madogo walitupa sukari na sabuni mitoni kwa hofu. Fimbo inaweza kumfanya mtu aogope. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilipokutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi, hatukusikia viongozi wengi wakisema kwamba wao, kwa dhamiri zao, wataendelea kuyashika. Hofu ilipoondoka, ikabainika kilichokuwa chini yake kilikuwa kidogo.

Hapa msomaji Mkristo atasema: ndiyo maana tunahitaji imani, dhamiri ijengwe toka ndani. Ningependa kukubali haraka, ila naishi Arusha. Na Arusha ina jengo la mikutano ya kimataifa linaloitwa AICC.

Katika jengo hilo, safari fupi ya daladala kutoka Kimandolu, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Rwanda ilikuwepo kwa miaka 21, kutoka uamuzi wa Baraza la Usalama wa Novemba 1994 mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Tulizoea kuwaona majaji na mawakili wake madukani, wakipandisha kodi za nyumba. Tulisahau kutazama ni nani walioketi kizimbani. Mmoja alikuwa Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, kiongozi wa Waadventista Wasabato wa eneo la Kibuye. Aprili 1994 wachungaji wenzake Watutsi, waliojificha katika eneo la kanisa na hospitali Mugonero, walimwandikia barua wakimwomba awasaidie maana wameambiwa kesho watauawa pamoja na familia zao. Waliuawa. Februari 2003 mahakama ilimtia hatiani kwa kusaidia mauaji ya kimbari, ikampa miaka 10. Alimaliza kifungo Desemba 2006, akafia hapa hapa Arusha mwezi uliofuata.

Mwingine alikuwa Padri Athanase Seromba wa parokia ya Nyange. Watu wapatao 1,500 walikimbilia kanisani kwake; kanisa likaangushwa juu yao kwa tingatinga. Mahakama ilimpa miaka 15 mwaka 2006. Rufani ikamwongezea mwaka 2008 mpaka kifungo cha maisha. Emmanuel Rukundo, padri wa jeshi, naye alipatikana na hatia. Padri Hormisdas Nsengimana aliachiwa huru mwaka 2009, na ni haki kulisema hilo pia.

Sensa ya Rwanda ya 1991 ilionyesha karibu watu tisa katika kila kumi walijitambulisha kuwa Wakristo. Ni nchi ambayo Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia, pale Gahini, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kwa hiyo hoja kwamba watu wakiokoka wengi nchi itakuwa na maadili ilishajaribiwa, kwa wingi wa kutosha, na majibu yake yalisomwa na majaji mjini kwetu. Wapo Wakristo wa Rwanda waliokufa wakiwaficha majirani, na wapo walioua wakiwa wamevaa rozari. Ubatizo wao ulikuwa mmoja. Waliojifunza kitu kutoka kwao sijui kama ni wengi hapa mjini. Mahakama ile tuliichukulia kama ajira.

Wala tusijifanye Rwanda ni mbali. Kati ya 1990 na 1993 Walutheri wa Meru, watu wa lugha moja, kabila moja na kitabu kimoja cha nyimbo, waligombana juu ya kuwa na dayosisi yao nje ya Dayosisi ya Kaskazini yenye makao Moshi. Nyumba zilichomwa. Migomba na mibuni ya jirani ilifyekwa usiku. Polisi walilazimika kuingia kati. Dayosisi ya Meru ikazaliwa, na waliojitenga wakaanzisha kanisa lao jingine. Mtu anayefyeka mgomba wa jirani yake mlimani anajua anachokifanya: anakata chakula cha watoto kwa miezi mingi. Wengi wa waliofanya hivyo walikuwa na kipaimara, na wangejitetea kwamba wanapigania kanisa.

Sasa turudi kwenye fedha, maana huko ndiko tunakoishi. Tume ya Jaji Warioba mwaka 1996 ilitofautisha rushwa ya mnyonge anayeongezea mshahara usiotosha na rushwa ya mkubwa anayesukumwa na tamaa. Mgawanyo huo unafaa sana katika mazungumzo ya kanisani, kwa sababu mnyonge ndiye anayehubiriwa. Konda, askari wa barabarani, karani wa masjala, nesi wa zamu ya usiku: hao wanatajwa kwa utani na waumini wanacheka kwa kuwa wanawajua. Mkubwa hatajwi. Amealikwa.

Edward Lowassa, Mlutheri wa Monduli, alijiuzulu uwaziri mkuu tarehe 7 Februari 2008 baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond. Hakushtakiwa mahakamani, na mpaka kifo chake Februari 2024 alishikilia kwamba hakutenda kosa. Sina cha kuongeza kwenye hilo. Kinachonishangaza ni sisi. Miaka iliyofuata hakukuwa na mgeni rasmi wa harambee anayetafutwa kama yeye, makanisani na misikitini, na sikumbuki waandaaji wakisema: tukae naye kwanza, atueleze, aidha tumsafishe mbele ya watu au tumwombee. Kama hakuwa na kosa, alistahili kusafishwa kwa maneno. Tulimpa vigelegele, ambavyo havimsafishi mtu.

Novemba 2014, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ilipowasilisha ripoti ya fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, orodha ya waliopokea mgawo ilikuwa na mawaziri, majaji, na pia maaskofu wawili na padri mmoja wa Kikatoliki. Kiasi cha mmoja wao kilipita shilingi milioni 80. Fedha hizo zilipitia benki ambayo taasisi za Kanisa ndizo zilizoianzisha. Kupokea sadaka si kosa la jinai, na hakuna kati yao aliyehukumiwa. Lakini taifa zima liliona jambo moja kwa siku moja: kwamba fedha ikija kanisani, swali la ilikotoka linaonekana ni utovu wa adabu.

Hata hivyo kuna siku makanisa ya Arusha yalitenga mtu hadharani, na Kimandolu ilikuwemo ndani ya kisa hicho. Desemba 2010 mji ulipata meya kwa uchaguzi ambao CHADEMA ilidai ulivunja kanuni. Tarehe 5 Januari 2011 maandamano yaliishia kwa risasi na watu watatu wakafa. Muda mfupi baadaye viongozi wa makanisa mkoani, Askofu Thomas Laizer wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) akiwa mstari wa mbele, walitamka kwamba hawamtambui meya huyo na hawatashirikiana naye. Baadhi ya wanasiasa walijibu lile jibu la siku zote, kwamba dini isichanganywe na siasa. Baadaye madiwani kadhaa wa CHADEMA, wa Kimandolu akiwa mmoja wao, walifikia mwafaka na CCM. Agosti 2011 chama chao kikawafukuza. Uchaguzi mdogo wa kuziba nafasi zao ulicheleweshwa na bomu lililolipuka kwenye mkutano wa kampeni pale Soweto tarehe 15 Juni 2013, wiki sita tu baada ya lile la parokia ya Olasiti lililoua waumini watatu. Julai watu wa Kimandolu walipiga kura.

Kama maaskofu walikuwa sahihi kuhusu kanuni za uchaguzi wa meya, wanasheria wanaweza kubishana. Nawatetea kwa jambo jingine: walitumia chombo kile kile cha kutenga, wakakielekeza juu, kwa mtu mwenye gari la serikali. Waraka wa Pasaka wa KKKT wa 2018, Taifa Letu, Amani Yetu, ulikuwa wa ukoo huo, na ofisi ya msajili wa jumuiya ilipoandika barua kutaka ufutwe, ilithibitisha kwamba uligusa panapouma. Ila tamko la askofu lina wepesi wake. Linamkabili mtu wa nje, wa chama, wa serikali. Hakuna mzee wa kanisa anayelazimika kumtazama usoni mchangiaji mkubwa wa benchi la tatu.

Nikilisema hili kwa wazee, pingamizi huwa moja: nani atajua? Mimba inaonekana, rushwa haionekani. Ni kweli kwa nusu. Mimba inaonekana kwa binti tu. Aliyempa mara nyingi amekaa upande wa wanaume, wakati mwingine kwenye kwaya, naye anapokea Chakula cha Bwana kila mwezi. Hiyo peke yake ingetosha kutuonyesha kwamba tunachoadhibu ni kuonekana. Na rushwa nayo inaonekana kuliko tunavyokiri. Mtaani watu wanajua mshahara wa mtumishi wa daraja fulani, wanajua alianza kazi lini, na wanaiona ghorofa ikipanda kuelekea kilima cha Suye. Wanajua, na wanaipa jina: amebarikiwa.

Ule Uamsho wa Gahini, uliofika Bukoba na kusambaa Tanganyika, ulikuwa na desturi ambayo tumeitupa. Mtu aliyesema ameokoka alitarajiwa kutaja alichoiba na kukirudisha. Waajiri wa Kizungu walishangaa kuona watumishi wakileta vijiko, misumari, na fedha ambazo hawakujua zimepotea. Ilikuwa na kasoro zake. Maungamo yale yaligeuka mashindano mahali pengine, na Rwanda imetuonyesha kwamba hata hayo hayakutosha. Lakini mfuko ulikuwa ndani ya toba. Zakayo wa Injili ya Luka, mkubwa wa watoza ushuru, alifanya vivyo hivyo bila kuombwa: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu amrudishie mara nne. Watoto wetu wa shule ya Jumapili wanajua alikuwa mfupi na alipanda mti.

Kuna mchungaji atakayesoma hapa na kutikisa kichwa, na namwelewa. Kuta zimesimama, bati hazijafika, saruji imepanda bei, na dayosisi inangoja mgawo wake. Akimwuliza mgeni rasmi swali moja lisilo la kawaida, mgeni ataenda usharika wa jirani, ambako watamvisha shuka bila maswali. Paa litachelewa mwaka, miwili, labda mitano. Waumini watalalamika kwamba mvua inawanyeshea. Wameru wa Ngarenanyuki walipokataa ile fidia, nyumba zao zilikuwa zimeshachomwa, na msimu wa mvua za vuli ulikuwa umeanza.